Nyota na Matha: Mapenzi, Fitina na Safari ya Angani Iliyoanzia Ng'ambo ya Tunduma

Ukiwa Ruanda, ile kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe (siyo Rwanda ya Kigali, wala Ruanda ya Mbeya mjini), mambo ya anga za juu si ya kwenye muvi tu. Wilaya hiyohiyo, kijijini Ndolezi, limelala pande la chuma lililodondoka kutoka juu: Kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito unaotajwa siku hizi ni tani 12, ingawa vitabu vya zamani vilisema 16. Wazungu walikiandika kwenye makaratasi yao mwaka 1930, lakini wenyeji Wanyiha walikuwa wanakijua kitambo tu.

Sasa shuka na barabara kuu mpaka Tunduma. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanaita wateja, na hatua chache mbele ni Nakonde, Zambia. Nchi hiyo jirani ndiyo iliyotangazwa mwaka 1964 kwamba inapeleka binti wa miaka 17 kwenye sayari ya Mars. Binti, paka wawili na mmisionari mmoja. Siyo utani.

Na kama ilivyo kwa kila stori ya anga, safari ile haikuharibiwa na roketi. Ilivurugwa na mapenzi.

Kwanza, hizi stori za anga zilitokea wapi?

Kila mtu ana muvi yake ya anga. Himaya inaangamiza sayari, waasi wamejificha, jasusi yuko ndani ya meli, na katikati ya risasi za mwanga wawili wanapendana wakati hawaruhusiwi. Ukiondoa roketi na mapanga ya mwanga, kinachobaki ni tamthilia ya kawaida kabisa: nani anampenda nani, nani kamsaliti nani, na mtoto ni wa nani. Star Wars iliyotoka mwaka 1977 imeishi muda wote huu kwa sababu ya ubuyu wa ukoo mmoja tu. Kaka na dada walipigana busu kabla ya kujua kwamba ni ndugu, na baba yao alikuwa adui waliyekuwa wanapigana naye. Hata mama zetu wanaofuatilia tamthilia za Kituruki wangeielewa bila kutafsiriwa.

Wamarekani wanaziita stori hizi opera ya anga. Jina hilo lilizaliwa mwaka 1941 kama kejeli: mwandishi mmoja alikuwa anazicheka hadithi za bei rahisi za roketi na mahaba. Baadaye kejeli ikageuka kuwa sifa, na leo ni biashara ya mabilioni ya dola.

Shika neno hilo kejeli. Ndilo linalounganisha wanawake wawili wa makala hii. Mmoja hakuwahi kuishi, lakini dunia nzima inamjua. Mwingine aliishi kweli, na hakuna anayemjua.

Matha, binti wa Mars

Tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ilipata uhuru. Wanahabari wa nje walijaa Lusaka kuandika habari za bendera mpya, na huko wakakutana na mtu aliyewapa habari tamu zaidi. Alikuwa mwalimu mmoja, Edward Mukuka Nkoloso, aliyejitambulisha kama mkuu wa chuo cha taifa cha sayansi, utafiti wa anga na falsafa. Alikuwa na vijana kadhaa, shamba kama kilomita 11 nje ya Lusaka, na roketi iliyofanana zaidi na pipa. Aliwaambia Zambia itafika mwezini na Mars kabla ya Wamarekani na Warusi.

Mazoezi yake yalikuwa hivi. Mwanafunzi anaingizwa kwenye pipa tupu la mafuta, lile la lita 200, halafu anaviringishwa mteremkoni ili azoee kuzungukazunguka angani. Au anabembea kwenye kamba ndefu, na akifika juu kabisa kamba inakatwa, ili kwa sekunde chache ajue maana ya kuelea bila uzito. Walifundishwa pia kutembea kwa mikono, kwa maelezo kwamba mwezini ndivyo watu wanavyotembea. Kuhusu mmisionari, Nkoloso alisema amemwonya asiwalazimishe watu wa Mars kuwa Wakristo.

Nyota wa kikosi alikuwa Matha Mwamba. Dunia ilimwona kwenye picha na kwenye filamu fupi za habari, na ikacheka. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakapata kichekesho cha mwaka: Waafrika waliopata uhuru jana, leo wanataka kwenda Mars kwa pipa.

Nkoloso aliiomba UNESCO pauni milioni 7. Hazikuja. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, mambo yakaharibikia kambini. Alilalamika kwamba vijana wake wanajali mapenzi kuliko kuusoma mwezi. Matha akapata ujauzito. Wazazi wake wakaja, wakamchukua, wakamrudisha kijijini. Kwisha habari.

Angalia vizuri jinsi stori ilivyofungwa. Mkuu wa chuo ana jina, na ameandikiwa makala nyingi. Binti ana jina, na linatajwa kila mara pamoja na mimba yake. Ila kulikuwa na mtu wa tatu. Mwanaume aliyempa Matha ujauzito hakutajwa jina wakati ule, na hakuna gazeti lililoona haja ya kumuuliza kitu. Katika stori nzima yeye peke yake ndiye aliyefanikiwa kupotea angani.

Mwaka mmoja kabla, upande wa pili

Tarehe 16 Juni 1963 Valentina Tereshkova wa Urusi ya Kisovieti aliruka, akawa mwanamke wa kwanza kufika anga za juu. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo aliolewa na mwanaanga mwenzake, Andriyan Nikolayev. Harusi ilifanyika Moscow, na kiongozi wa nchi, Nikita Khrushchev, alikuwepo mwenyewe. Maneno yalikuwa mengi kwamba dola iliisukuma ndoa ile kwa ajili ya kiki. Mwezi Juni 1964 wakapata binti, mtoto wa kwanza duniani ambaye baba na mama yake wote walikuwa wamefika angani.

Kwa hiyo mwaka 1964 ulikuwa na wanawake wawili waliotangazwa kuwa wa anga, na wote wawili walipata ujauzito karibu kipindi kimoja. Wa kwanza alipigiwa picha na mtoto wake kama fahari ya taifa. Wa pili alirudishwa kijijini, na mimba yake ikawa sehemu ya mwisho ya kichekesho.

Ni kweli hawakuwa sawa. Tereshkova alikuwa ameizunguka dunia mara 48, wakati Matha alikuwa ameviringishwa kwenye pipa. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye ndoa, mwingine alikuwa binti wa miaka 17 aliyekabidhiwa kwa mwalimu. Lakini hapo hasa ndipo penye swali. Aliyekuwa mdogo zaidi, aliyepaswa kulindwa zaidi, ndiye aliyebeba lawama ya mradi mzima.

Mizengwe: chuo au kifuniko?

Hapa stori inageuka kuwa ya kijasusi. Nkoloso hakuwa chizi wa mtaani. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia upande wa Waingereza, kitengo cha mawasiliano. Aliporudi akawa mwalimu, akaingia kwenye siasa za kupinga ukoloni, akakamatwa, akafungwa na kuteswa. Baada ya uhuru Rais Kenneth Kaunda alimpa kazi kwenye kituo cha wapigania uhuru kilichokuwa Lusaka, mahali ambapo vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi.

Mwaka 2017 mwandishi Mzambia Namwali Serpell alichapisha makala ndefu kuhusu mtu huyu, na baada ya hapo ikawa ngumu kumcheka tena kirahisi. Swali likawa jipya. Vipi kama yule mzee alikuwa anajua anachokifanya? Unakusanya vijana wa chama shambani, nje ya mji. Unawafanyisha mazoezi ya viungo, nidhamu na ujasiri. Mtu akiuliza mnafanya nini, unamwambia tunakwenda Mars. Anacheka, anapiga picha, anaondoka. Kuna kifuniko gani bora kuliko kuchekwa? Na hata kama hakikuwa kifuniko, inawezekana ilikuwa dhihaka ya makusudi kwa mataifa makubwa yaliyokuwa yanachoma mabilioni kugombania mwezi.

Majibu yote matatu, ndoto, kifuniko na dhihaka, yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Kwa watu wa Songwe hilo si geni. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam tangu 1963, na njia ya kutoka Dar kwenda Lusaka ilipita hapahapa Mbozi na Tunduma. Kwanza barabara, halafu bomba la mafuta mwaka 1968, halafu reli ya TAZARA miaka ya 1970. Katika zama zile, mpakani walipita watu wengi ambao kazi yao halisi haikuwa ile waliyoitaja.

Nyota, binti wa Hollywood

Rudi sasa kwa yule mwingine, ambaye hakuwahi kuishi.

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek. Kwenye chumba cha kuongozea meli aliketi mwanamke mweusi, afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru. Mtunzi wa kipindi, Gene Roddenberry, akalipenda neno lile. Wakalilainisha mwishoni, Uhuru ikawa Uhura, iwe jina la kike.

Mswahili lazima acheke hapo. Kiswahili hakina mambo ya kubadilisha herufi ya mwisho ili kupata mwanamke. Mwalimu ni mwalimu, awe baba au mama. Lakini ndivyo neno lililopigiwa mayowe Dar es Salaam mwaka 1961, Nairobi 1963 na kila mahali palipopandishwa bendera lilivyosafiri mpaka Hollywood na kuvalishwa gauni jekundu.

Katika kisa cha kwanza kabisa kurushwa, Uhura anapata mwanaume. Anatokea kijana mweusi mtanashati kwenye korido ya meli, anamtazama machoni na kumsemesha kwa Kiswahili. Uhura analegea. Kumbe si mtu. Ni kiumbe kinachosoma moyo wa mtu, kinajigeuza kuwa yule anayetamaniwa, halafu kinamfyonza chumvi mwilini mpaka anakufa. Mtu wa Pwani asingehitaji maelezo marefu: hilo ni jini mahaba. Kwa hiyo mara ya kwanza Kiswahili kilipotongoza angani, kilitongoza kwa mdomo wa zimwi.

Mwaka 1967 kuna kisa kingine ambacho mashine inafuta kumbukumbu zake zote, naye inabidi afundishwe upya kusoma kama mtoto. Akikwama kwenye Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Ilikuwa heshima ndogo, lakini Watanzania wa Bara hawakuiona. Televisheni ilianza Zanzibar miaka ya 1970, na Bara ikasubiri mpaka 1994.

Halafu tarehe 22 Novemba 1968 ikaja lile busu. Uhura na Kapteni Kirk, mweusi na mweupe, mbele ya Marekani nzima, miezi saba baada ya Martin Luther King kuuawa. Mpaka leo linahesabika kama tukio la kihistoria. Wanaolisifia, hata hivyo, huwa wanaruka kipande kimoja: katika stori, wawili wale hawakutaka. Viumbe wenye nguvu za akili waliwaendesha kama vikaragosi, kwa ajili ya kujifurahisha. Ndivyo waandishi walivyoweza kuupitisha mdomo wa mwanamke mweusi kwenye runinga: wakasema hakuchagua.

Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, kwa sababu alikuwa anapewa mistari michache ya kusema. Alisimulia kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyekutana naye kwenye hafla na kumwambia asiondoke, maana watoto wanamwona pale juu. Alibaki. Tangu 1977 alifanya kazi na NASA kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Daktari Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1992, amesema waziwazi kwamba Uhura alimpa picha ya kuota.

Kwa hiyo Uhura alipata kazi, cheo na heshima. Kitu alichonyimwa ni kupenda kwa hiari yake. Kapteni alikuwa na mpenzi kila sayari, huku Uhura akibaki na kifaa cha sikioni. Hata jina la kwanza hakupewa, mpaka vitabu vya miaka ya 1980 vilipoanza kumwita Nyota. Na sinema haikulitamka hadi 2009. Kwenye muvi hiyo Kirk anamsumbua karibu mwanzo mpaka mwisho akitaka kujua jina lake, na anampiga chini kila mara. Siku meli iko hatarini, Uhura wa Zoe Saldaña anamwaga mpenzi wake kwa busu mbele ya watu. Mpenzi ni Spock. Hapo ndipo Kirk anapomsikia Spock akimwita: Nyota.

Miaka 43 tangu kisa cha kwanza. Hakukuwa na zimwi wala nguvu za akili. Alichagua mwenyewe, na aliyelijua jina lake ni yule aliyemchagua.

Mwaka 2022 akaja Uhura kijana, akiigizwa na Celia Rose Gooding, binti aliyekulia Kenya na aliyepoteza wazazi kwenye ajali ya chombo. Katika moja ya visa vya mwanzo anakutana na jiwe kubwa linalosafiri angani, lililobeba siri ya viumbe wengine, na analifungua kwa kuimba. Mtu wa Ndolezi akiiona sehemu hiyo, ana haki ya kutabasamu.

Nani anaruhusiwa kupenda angani?

Weka wawili hawa pamoja. Uhura aliruhusiwa kuruka, akanyimwa mapenzi. Matha alipenda, akanyimwa kuruka. Miaka ya sitini haikuwa na nafasi ya msichana wa Kiafrika mwenye vyote viwili, si kwenye hadithi wala kwenye maisha.

Na hilo halikuishia sitini. Tanzania yenyewe, msichana aliyepata mimba akiwa shule alikuwa anafukuzwa, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisisitiza hadharani kwamba hatarudi. Ilipofika Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi darasani. Kati ya Matha na tangazo hilo ni miaka 57. Wangapi walirudishwa kijijini katikati hapo, kila mmoja na roketi yake, mwingine udaktari, mwingine ualimu, na kila mmoja na mwanaume ambaye jina lake halikuulizwa?

Wasanii waliligundua pengo hili kabla ya wanasiasa. Mwaka 2014 Nuotama Bodomo alitoa filamu fupi iitwayo Afronauts, na aliyesimama katikati ya picha ni Matha, siyo mzee wa pipa. Mwaka 2019 Namwali Serpell alichapisha riwaya The Old Drift, ambamo Matha anakuwa mwanamke kamili mwenye akili, mpenzi, mtoto na machozi yasiyokauka kwa miaka. Riwaya hiyo ilishinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi Uingereza. Binti aliyechekwa kwa kutaka kwenda Mars aliingia kwenye fasihi ya anga kwa mlango wa mbele.

Nkoloso naye hakuishia kwenye kichekesho. Aligombea umeya wa Lusaka akakosa, akarudi kusoma utu uzimani, akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Zambia mwaka 1983, na alipofariki 1989 alizikwa kwa heshima. Mzee alipewa nafasi ya pili, tena na ya tatu. Matha wa kweli, habari zake kwenye magazeti zinaishia pale wazazi wake walipomchukua.

Kile kimondo cha Ndolezi hakikuomba ruhusa kwa mtu, kilitua tu. Kupanda ndiko kunakohitaji ruhusa, na kwa miaka mingi msichana ndiye aliyetakiwa kuilipia kwa moyo wake. Leo kuna binti Ruanda au Tunduma anatazama muvi hizi kwenye simu, anasikia mtu wa angani akiitwa Nyota, na haoni cha ajabu, maana darasani kwao kuna Nyota. Kama siku moja naye atatangazwa kuwa anakwenda, waandishi wataanza kuuliza habari za mpenzi wake. Waulize tu. Ila safari hii wamuulize na yule mpenzi jina lake.